Tupeane uzoefu: wewe ulikutana wapi na Don Bosco?

Fundi Grili, Dodoma

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Novena (sala ya siku tisa) ya Mtakatifu Yohane Bosco, yaani Don Bosco, padre wa Italia aliyelea vijana maskini, inaanza tarehe 22 Januari na sikukuu ni tarehe 31, siku aliyofariki kule Turin mwaka 1888. Safari hii, kabla hatujasali, naomba tusimuliane.

Naanza mimi. Nilikuwa na miaka 16, baba ameshafariki, nauza mayai ya kuchemsha stendi. Jumapili moja niliingia kanisani na trei langu, nikalisukuma chini ya benchi la mwisho. Mzee mmoja akanitoa nje, akasema pale si sokoni. Nikakaa kwenye ngazi nimekunja uso. Mara akaja bruda mmoja, akanunua mayai mawili, akaketi palepale sakafuni akaanza kumenya. Hakuniuliza kwa nini sisomi. Aliniuliza, "Mluzi unajua kupiga?" Nikacheka. Nikapiga.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa najifunza kuchomelea. Jioni moja, kwenye "usiku mwema" (waliolelewa na Wasalesiani, shirika lake Don Bosco, wanayajua yale maneno machache kabla ya kulala, desturi ya Don Bosco mwenyewe), padre alisimulia habari za tarehe 8 Desemba 1841. Yatima mmoja wa miaka 16, Bartolomeo Garelli, kibarua wa uashi, alikuwa ameingia sakristia, chumba cha kanisa anamovalia padre kabla ya misa. Mtunza sakristia akamtaka atumikie misa. Aliposema hajui, akamtimua kwa kipigo. Don Bosco akaagiza arudishwe, kwamba huyo ni rafiki yake. Baada ya misa akamuuliza: unajua kusoma? Kuandika? Kuimba? Yote hapana. "Na mluzi, je?" Kijana akatabasamu.

Nililia mbele ya wenzangu wote. Kumbe bruda yule alijua anachofanya pale kwenye ngazi.

Mama wa Wanne, Iringa

Milele amina. Mimi namkimbilia zaidi mama yake, Margherita. Mume alimfia Yohane hajatimiza hata miaka miwili. Mwaka 1846, akiwa na miaka 58, aliacha nyumba yake kijijini Becchi akaenda kwa mwanawe Valdocco, kule Turin, kuwapikia na kuwashonea watoto wa watu. Siku moja wavulana, katika mchezo wao wa vita, wakaikanyaga bustani yake yote ya mboga. Akamwambia mwanawe: nimechoka, narudi kwangu. Don Bosco hakubishana, alimwonyesha tu msalaba ukutani. Akabaki hadi alipofariki mwaka 1856.

Nalea watoto wawili wa marehemu dada yangu pamoja na wangu wawili. Mwaka juzi yule mkubwa aliuza sufuria langu la pilau, lile ninalokodisha kwenye shughuli. Nilimfungia nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, nikaweka mlangoni. Usiku usingizi ukakataa, naiwaza ile bustani. Nikaamka, nikazitoa nguo moja moja, nikazikunja, nikazirudisha sandukuni kabla hajaamka. Bado ananisumbua, lakini yupo kidato cha nne na kuni anakata bila kutumwa.

Mjenzi, Kakuma

Nilifika kambi hii ya wakimbizi kutoka Kongo bila cheti hata kimoja. Uashi nimejifunzia hapahapa, kwenye mafunzo ya ufundi ya Don Bosco. Kitu kimoja watu hawakisemi sana: Don Bosco mwenyewe alikuwa mtu wa mikataba. Mwaka 1852 alisaini mkataba na seremala mmoja wa Turin kwa ajili ya kijana mwanagenzi. Fundi amfundishe kazi kweli, amrekebishe kwa maneno na si kwa kipigo, asimpe kazi zisizohusu ufundi, amlipe kila wiki, na sikukuu amwachie. Mwaka 1852 hiyo! Leo nina wanagenzi wawili. Hakuna anayechota maji ya nyumbani kwangu.

Dada, Buguruni

Sijui kama hili linafaa hapa. Mdogo wangu nilimwombea novena hii miaka mitatu mfululizo aache unga. Alifariki. Nilikaa muda mrefu siwezi kuitazama picha ya Don Bosco.

Kilichonirudisha ni ile barua yake ya mwaka 1884, aliyoiandika akiwa Roma, kwamba haitoshi vijana wapendwe, lazima wao wenyewe watambue kwamba wanapendwa. Nikaanza kujiuliza kama mdogo wangu alitambua. Wiki ya mwisho wodini alitaka chapati. Nilikuwa namkatia vipande vidogo kama vya mtoto, nachovya kwenye chai. Akaniambia, "Dada, wewe hukunichoka." Nimelishika hilo, sina jingine. Naomba mumweke kwenye nia zenu.

Fundi Grili, Dodoma

Dada, pole sana, na linafaa kabisa hapa. Nia ya siku ya kwanza ni ya mdogo wako. Tarehe 22, saa moja jioni. Wengine endeleeni kuandika, tunasoma.

Mama wa Wanne, Iringa

Apumzike kwa amani. Nitamwashia mshumaa, Dada.