Pikapu inagoma kuwaka, redio inapiga mluzi: watu wa Minnesota mnafanyaje?

Baba Kemu (Brooklyn Park):
Wakuu, hamjambo. Theluji imeshatua na visirani vimeanza. Pikapu yangu ni ya petroli, ya 2011, inalala nje. Asubuhi stata inajikokota, mara iwake, mara igome. Nilipopata leseni ya Technician (ngazi ya kwanza ya redio ya ridhaa hapa Marekani) niliweka redio ya wati 50, umeme natoa kwenye tundu la kiberiti cha sigara ndani ya gari, antena ya sumaku iko juu ya paa. Sasa nikikanyaga mafuta kunakuwa na mluzi, na wenzangu kwenye ripita (kituo kinachopokea na kurusha tena mawimbi yetu) wanausikia. Nikirusha kwa wati zote 50, redio inazima. Fundi mmoja anataka kubadilisha betri, alteneta (ile inayochaji betri) na stata kwa mpigo. Nilipe ama nisilipe?

Mzee wa Masafa (Duluth):
Baba Kemu, weka pesa mfukoni kwanza.

Redio ya wati 50 ikirusha hula ampea 10 na zaidi. Tundu la kiberiti halikutengenezewa kazi hiyo. Waya wake ni mwembamba, umeme unashuka njiani, redio inakata. Vuta waya mnene mpaka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, siyo huko ndani ya kabini. Hapo pana mtego: magari mengi ya umri huo yana kisensa kidogo kwenye kichwa hasi cha betri. Ukifunga waya hasi wa redio hapo, kompyuta ya gari haioni umeme unaotumiwa na redio. Fuata ule waya mkubwa mweusi unaotoka kwenye kichwa hicho hadi unapofungwa kwenye bodi, ufunge waya hasi wa redio hapo, na ukwangue rangi na kutu mpaka chuma king'ae.

Mluzi unaopanda na kushuka na mguu wako ni alteneta, na mara nyingi waya mzuri na ethi safi (pale waya hasi unaposhika chuma cha bodi) vinautuliza. Ungekuwa unaanza ukifungua ufunguo tu, kabla ya kupiga stata, na haubadiliki ukikanyaga, ningekuambia ni pampu ya petroli. Huo ni ugonjwa mwingine.

Betri sasa. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri (naongea Selsiasi, Farenhaiti za hawa jamaa zilinishinda) betri hubaki na nusu hivi ya nguvu, na oili imekuwa nzito kama uji wa wimbi. Ndiyo maana stata inalia. Pima gari ikiwa imelala usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu. Injini ikiwaka usome 13.8 hadi 14.5, ukiipata hiyo, alteneta ni nzima na huyo fundi anakutafutia bili. Betri iliyoisha chaji huganda mapema. Iliyojaa haigandi hata kwa nyuzi 40 chini. Ukikuta imeganda, usiijampe (kuiwasha kwa betri ya gari jingine) wala usiichaji, inaweza kulipuka.

Na ile hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme, unayo? Wengi wanaendesha miaka na plagi yake imejificha nyuma ya grili. Masaa matatu kabla ya kutoka yanatosha, weka taima.

Dada wa Lori (Fargo):
Naongeza kidogo. Kaka, hiyo sumaku itoe paani kila ukiosha gari. Chumvi ya barabarani inaingia chini yake, inakwaruza rangi, na ukifika mwezi wa nne una duara la kutu. Pili, redio ikishafungwa moja kwa moja kwenye betri haizimi na ufunguo. Ikisikiliza tu inakula kama nusu ampea, kwa hiyo ukiisahau usiku mzima umepoteza ampea-saa sita, na asubuhi ni nyuzi 25 chini! Izime kwa mkono au uweke rilei (swichi ya umeme) inayofuata ufunguo. Wenye betri za lithiamu za kubeba (LiFePO4), msizichaji zikiwa chini ya sifuri, zinaharibika kimyakimya. Mimi yangu inalala ndani na mimi.

Baba Kemu:
Asanteni sana. Nimepima: 12.1 imelala, 14.2 ikiwaka. Plagi ya hita nimeiona, imefungwa na kamba ya plastiki ya kiwandani, haijawahi kuguswa! Swali la mwisho: na Technician yangu naweza kufika Nairobi?

Mzee wa Masafa:
Alteneta iko sawa basi. Ichaji betri hiyo ijae, uipeleke wakaipime ikiwa na mzigo. Duka nyingi za vipuri hupima bure. Ikishindwa kipimo nunua mpya, na namba ya CCA (nguvu ya betri ya kuwasha gari kwenye baridi) isiwe chini ya ile ya kitabu cha gari.

Nairobi inawezekana, ila siyo kwa redio hiyo. Tafuta ya bendi ya mita 10, kwa njia ya sauti iitwayo SSB, kati ya megahezi 28.300 na 28.500, leseni yako inaruhusu. Jaribu saa mbili asubuhi, kwao ni saa kumi na moja jioni, jua liko kote kuwili. Sikiliza alama ya kituo (jina la mrushaji hewani) inayoanza na 5Z4, ndiyo ya Kenya. Za Tanzania ni 5H.