Tupeane uzoefu: rafiki yako ana mtoto mwenye Asperger, wewe umesimama naye vipi?

Mleta mada

Habari zenu wapendwa. Naomba tupeane uzoefu wa kweli, sio maneno ya kufariji tu. Rafiki yangu wa karibu, tumetoka mbali mi na yeye, mtoto wake wa kiume ana miaka sita na baada ya kuzunguka sana kwa wataalamu wameambiwa ni Asperger, yaani aina ya usonji. Dogo anaongea vizuri, tena anaongea kama mtu mzima, atakwambia Ganymede ni mwezi wa Mshtarii na Titan ni wa Zohali bila kukosea, ila ukimwambia "nakuja sasa hivi" alafu ukachelewa anavurugika kabisa kwasababu kwake sasa hivi ni sasa hivi.

Kinachoniuma ni watu walivyompungukia huyu mama ghafla. Wengi sio wabaya, hawajui waseme nini basi wanakaa kimya, na kimya hicho ndo kinamuumiza kuliko hata majibu yenyewe. Mi nimeamua sibanduki. Nikisema nakuja siku fulani saa fulani naenda saa hiyohiyo, nikifika simkumbatii mtoto wala simlazimishi anipe mkono, nakaa tu karibu na anachofanya mpaka mwenyewe aanze kunielezea. Siku hizi nikiingia anaendelea na maelezo palepale alipoishia mara ya mwisho, na najua hiyo ndo salamu yake kwangu.

Nyie mlio wazazi, mngependa rafiki afanye nini na aache nini?

Mama Mapacha

Mmoja wa mapacha wangu anayo, kwahiyo naongea ya kwangu. Usimwambie "mbona yuko kawaida tu." Najua mtu anasema kwa upendo, lakini mzazi kahangaika miaka anaambiwa mtoto kadekezwa, leo ndo kapata jibu na wewe unamwambia jibu hilo halipo! Wala "akikua ataacha." Anajifunza namna ya kuishi na watu, anaweza kusoma, kufanya kazi, kuwa na familia yake, ila haachi kuwa yeye.

Na habari za chanjo tafadhali ziacheni. Ile makala ya 1998 ya daktari Andrew Wakefield na wenzake iliyowatia watu hofu kwamba chanjo inaleta usonji, jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta lenyewe 2010. Mimi niliipata kwa mtu ninayempenda sana, nikakesha nalia najilaumu kwa kitu ambacho sikukifanya. Sehemu kubwa ni kurithi, sio malezi. Zamani hata wataalamu waliwahi kuwalaumu akina mama eti hawana upendo ndo maana watoto wako hivyo, ilishatupwa hiyo, lakini bado unaisikia midomoni mwa watu.

Kilichoniokoa mi ni shoga yangu mmoja aliyekuwa anakuja tu, hana ajenda, anakuja anakaa. Mtoto akamzoea taratibu mpaka ikafika siku akaniambia nenda kalale mi nipo na hawa. Nililala jamani. Mgeni asingeweza hiyo kazi hata awe na moyo wa dhahabu, kwasababu mtoto wangu mtu mpya humchosha, kwahiyo dada mleta mada unavyoenda mara kwa mara kwa saa ileile unajenga kitu kikubwa kuliko unavyodhani.

Anko Mkubwa

Niongezee upande wa akina baba maana huwa tunasahaulika. Jamaa yangu alikataa majibu kabisa, akasema mwanangu mkaidi tu, nyumbani ikawa ugomvi kila siku, mama anataka waanze kliniki baba hataki kusikia. Kila mmoja akawa ananipigia nimuunge mkono. Sikuchukua upande. Nilichofanya ni kumtoa jamaa tunatembea jioni, simuulizi habari za mtoto hata kidogo, na siku moja katikati ya story za mpira akasimama akasema "mi nilikuwa hivyohivyo utotoni, nilipigwa sana kwa hilo." Akaongea mpaka giza likaingia. Baada ya hapo alianza kwenda kliniki mwenyewe na sasa ndo yeye anayemuelewa mtoto kuliko wote pale ndani.

Usimvutie mtu ukweli kwa nguvu, baba anahitaji muda wake ila asiachwe peke yake kwenye huo muda.

Ticha wa Watoto Wadogo

Kuna kitu rafiki anaweza kusaidia sana nacho ni pale mtoto anapozidiwa mbele za watu. Kudeka na kuzidiwa ni vitu viwili. Anayedeka anakuchungulia kama unamuona na akipata anachotaka ananyamaza, aliyezidiwa hata umpe alichokuwa anataka hawezi kunyamaza maana kelele, taa, msongamano, pengine lebo ya shati inayomkwaruza shingoni tangu asubuhi, vyote vimejaa kama maji kwenye ndoo na imefurika. Hapo usimuulize maswali na usimshike kama hapendi kushikwa. Mwache mama afanye anachokijua, wewe kazi yako ni hao wanaotazama, waombe wapishe, beba mizigo, tafuta sehemu tulivu. Akitulia usimhubirie, naye amechoka.

Kwenye sherehe, waalike. Hata wakikataa waalike tena, ila mwambie mama mapema nani watakuwepo, nini kitaanza nini kitafuata, ili mtoto achorewe picha za mpangilio wa siku. Tenga chumba kisicho na muziki, hedifoni za kuzuia kelele ziruhusiwe, na wakiondoka mapema isiwe kesi.

Mgeni Humu

Samahani naomba kuuliza, rafiki yangu karatasi yake imeandikwa usonji tu, ni kitu kingine?

Ticha wa Watoto Wadogo

Hapana ndugu yangu. Asperger lilikuwa jina la kipekee kwenye miongozo ya madaktari, likatokana na daktari Hans Asperger wa Vienna aliyeandika kuhusu watoto hawa 1944, na daktari Lorna Wing wa Uingereza ndo alilisambaza 1981. Mwongozo wa Marekani wa 2013 ukaliingiza ndani ya usonji, na ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 nao hivyohivyo. Mahitaji ya mtoto hayajabadilika. Wewe tumia jina wanalotumia wenyewe nyumbani.

Mpenda Reli

Mimi ndo huyo mtoto, sasa ni mtu mzima. Tafadhali msinijadili mbele yangu, nilikuwa nasikia kila neno hata nilipokuwa siwaangalii. Kulikuwa na rafiki wa mama aliyekuwa ananiuliza kuhusu treni alafu anasikiliza kweli, akichoka anasema "nimechoka, tuendelee kesho", na kesho kweli anauliza. Wengine walikuwa wanapiga miayo wanategemea nielewe. Mi sikuelewa miayo, nilielewa maneno. Niambieni wazi, sitaumia.

Na kumbukeni ndugu zangu. Dada yangu alikuwa anaambiwa kila siku "muelewe mwenzio" na hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini.

Mleta mada

Mpenda Reli hapo kwa dada umenigusa, maana na huyu ana dada yake wa miaka tisa, mpole mno, nadhani amejifunza kutosumbua. Nimeshaongea na mama yake leoleo, wikiendi naenda kumchukua yeye peke yake tutoke, achague yeye tunaenda wapi, na kaka yake nimeshamwambia nitarudi saa ngapi. Mwenye uzoefu na kina dada na kaka zao aendelee kushusha, bado nasoma.