Kufundisha chuoni: usalama wa mtandao au sayansi ya data?

Kijana_wa_Likoni: Assalaam aleikum wanajamvi. Nina uzamili wa kompyuta, na huu mwaka wa pili navuka feri kwenda kufundisha vipindi vya muda chuo kimoja kisiwani Mombasa. Nataka kuanza uzamivu, maana bila huo uhadhiri wenyewe siuoni. Roho yangu iko kwenye usalama wa mtandao, ila mkuu wa idara aniambia sayansi ya data ndiyo yenye wanafunzi. Nielekee wapi?

Bi_Kizingo: Waaleikum salaam mwanangu. Wanafunzi waache, tazama data ya tasnifu utaipata wapi. Mimi nafundisha sayansi ya data. Natumia takwimu za sensa ya 2019, laptopu ya kawaida na Python, ile lugha ya kuandikia programu, basi. Wewe wa usalama utabisha mlango gani? Benki iliyodukuliwa haikupi hata karatasi moja. Ndiyo maana watu wangali wanatafitia ile KDD ya 1999, data ya mashambulizi ya mtandao iliyokusanywa wanafunzi wako hawajazaliwa!

Fundi_Seva: Hapo kwa KDD umenimaliza, Bi mkubwa. Lakini sayansi ya data sasa kila mtu yumo, na walimu wa usalama ni adimu: akiiva tu, benki zamchukua. Kazi yenyewe ni nzito, kijana, usidanganywe. Mazoezi ya muhula uliopita, muhula huu hayafai tena, na maabara lazima ijitenge kabisa na mtandao wa chuo. Mwanafunzi wangu mmoja alianza "kuchungulia" mfumo wa alama za mitihani. Nilimkalisha nikamsomea sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018: kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Alitoka jasho.

Mzee_Tudor: Na vyeti je? Nilidhani CISSP, kile cheti cha usalama wa mtandao, yatosha.

Fundi_Seva: Hicho chataka uzoefu wa kazi wa miaka 5, na chuoni wanahesabu machapisho kwanza. Kizuri, lakini hakikupandishi cheo.

Kijana_wa_Likoni: Na nikivichanganya? Nifundishe kompyuta kutambua mashambulizi, kwa kumbukumbu za seva za chuo, yaani rekodi za nani aliingia na alifanya nini, badala ya hiyo KDD.

Bi_Kizingo: Sasa wanena! Hapo mkuu wa idara atapata somo lake la data nawe utabaki na usalama wako. Ila omba ruhusa kwa maandishi, na majina ya watumiaji yaondolewe kabla hujaigusa data. Sheria ya kulinda data ipo tangu 2019, na kamati ya maadili itakuuliza.

Kijana_wa_Likoni: Barua naiandika leo usiku.

Fundi_Seva: Kabla ya barua, yakhe, pitia chumba cha seva uulize kumbukumbu zinakaa muda gani. Kwetu zilikuwa zikifutwa kila wiki, diski imejaa.