Mafundi AC za magari, acheni kujaza gesi kwenye mfumo ambao hamjauvuta vakyumu (kunyonya hewa na unyevu kwa pampu)

Wakuu, hili limezidi. Kompresa imebadilishwa, mfumo umeshinda wazi mchana kutwa, halafu fundi analegeza nati ya hosi, anapuliza gesi kidogo eti "kufukuza upepo", anakaza na kujaza. Dakika 10, leta hela! Upepo wenyewe bado umo. Unajazana kwenye kondensa (rejeta ya AC), na haugeuki kimiminika kama R134a, yaani gesi ya AC, kwa hiyo presha ya upande wa juu inapanda, kwenye foleni AC inatoa vuguvugu na kompresa inachemka.

Unyevu ndio balaa zaidi. Unaganda kwenye ekspansheni valvu (kitundu chembamba gesi inapopita kwenda kupoza): AC inapoa robo saa, inakata, ukizima barafu ikayeyuka inarudi. Mteja anaambiwa gesi imepungua, anaongezewa! Na maji hayo yakikutana na gesi na oili yanazaa asidi, inakula kompresa taratibu.

Wengine pampu yenu ni kompresa ya friji bovu. Ikigota kwenye inchi 25 za vakyumu kwenye geji, kwa Dar maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 56 hivi. Sasa yatatokaje? Pampu ya kweli inafika 29, hapo maji yanachemka kwenye nyuzi 25 na kutoka kama mvuke. (Arusha msilaumu pampu, mji uko juu na hewa ni nyepesi, geji haivuki 25 hata iweje. Someni maikroni, kipimo cha presha iliyobaki ndani, 500 kushuka chini.)

Kazi yenyewe si ngumu. Mfumo ukikaa wazi, weka draya (chujio linalonyonya unyevu) mpya. Fungua pande zote mbili, bluu (presha ya chini) na nyekundu (presha ya juu), vuta dakika 30 hadi 45. Funga valvu za geji KWANZA ndipo uzime pampu, la sivyo unarudisha hewa ndani. Subiri dakika 20. Mshale ukipanda kidogo ukatulia, maji bado yamo, vuta tena. Ukipanda bila kusimama, panavuja, tafuta tundu kabla ya kugusa gesi. Kisha jaza kwa mizani kama stika ya chini ya boneti inavyosema. Ikisema gramu 450 ni 450, siyo "mpaka paipu itoe jasho".

Na wenye Aqua na Prius kuweni macho: kompresa zile ni za umeme, oili yake ni ND-11. Ukiweka PAG, oili ya kompresa za mkanda, umeme unavuja na gari linawasha taa.

Fundi anayebisha aweke hapa picha ya geji yake, dakika 20 baada ya kuzima pampu.