Mshahara mmoja, watu wanne: nilipe kodi ya miezi sita au nipaue boma tuhamie?

Baba Neema (muuliza swali)
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia stoo Kariakoo, mshahara 650,000. Wanakata NSSF (akiba ya uzeeni) 65,000, PAYE (kodi ya mshahara) 33,000, bodi ya mikopo ya wanafunzi 97,500. Inayoingia mkononi ni 454,500. Kivule tupo wanne: mimi, mke, binti wa darasa la pili na mtoto wa miezi saba. Mke alikuwa anauza chakula, akaacha mimba ilipokuwa kubwa, na mtaji ukaishia kwenye matibabu. Mama yuko Singida, namtumia 40,000 kila mwezi na hilo siligusi.

Mshahara ukitoka tunanunua sembe, mchele na maharage. Katikati ya mwezi tumeshahamia kwenye daftari la madeni la Mangi wa duka, mafuta ya kula ya kupima, sabuni kipande.

Sasa kodi. Chumba na sebule ni 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nimepokea mchezo (upatu) kazini, nina 600,000 kamili. Msongola nina boma, nyumba ambayo haijaezekwa, limefika kwenye lenta. Hela hii niilipie kodi, au nipaue chumba kimoja tuhame?

Mkazi wa Chanika
Paua, mkuu. Mimi nilihamia madirisha yakiwa ya turubai, na leo simdai wala sidaiwi na mwenye nyumba. Ila usithubutu kugusa paa la nyumba nzima. Chumba kimoja, bati mgongo mmoja, mlango imara. Na shimo la choo litangulie, maana familia ikishafika hapo hutakuwa na hela ya kuchimba.

Mama Wawili
Kaka, shemeji umemuuliza? Wewe utatoka alfajiri urudi usiku. Yeye ndiye atakayebaki na kichanga, giza, na kubeba madumu ya maji. Kaulizie zahanati iko umbali gani. Binti naye atahama shule. Ada shule ya serikali hakuna, lakini mchango wa chakula upo palepale. Halafu nauli: boda ya kutoka barabarani ikiwa buku kwenda na buku kurudi, kwa siku 26 ni 52,000. Hapo nusu ya kodi umeshairudisha kwa mlango wa nyuma.

Kijana wa Tandika
Mwombe mwenye nyumba apokee ya miezi mitatu; mpangaji asiyesumbua husikilizwa. Itakayobaki ipeleke kwenye choo na mbao. Kitu kimoja nakusihi sana: shemeji asije akaingizwa kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ili arudi kwenye biashara. Jirani yangu walimbebea godoro mbele ya wanawe kwa rejesho la wiki moja. Aende ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata aulizie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Haina riba, wanawake wana fungu lao la asilimia 4, ila lazima wawe kikundi.

Baba Neema
Nashukuruni sana. Dada, nimeongea naye usiku huu. Hakatai kuhama, ila anataka choo na mlango wa chuma kwanza, na nimeona ana haki. Jumamosi naenda kwa mwenye nyumba kuomba hiyo miezi mitatu. Mwenye kumjua fundi wa mashimo ya choo upande wa Msongola, anayekubali kulipwa kidogokidogo, anielekeze.