Kusimamia faili za seva kwa kivinjari: cPanel, Tiny File Manager, File Browser au Nextcloud?

Fundi_Nyundo
Wakuu, salamu. Nina tovuti kadhaa za wateja. Nyingi ziko kwenye hosti ya pamoja yenye cPanel (paneli ya kusimamia hosti kwa kivinjari), moja iko kwenye VPS (seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe) ya Ubuntu yenye Nginx, programu inayotoa kurasa za tovuti, na haina paneli yoyote. Nikiwa kwenye kompyuta yangu natumia SFTP (njia salama ya kuhamisha faili) na sina tatizo. Shida ni nikiwa mbali nayo, au mteja akitaka kubadilisha picha mwenyewe, na huyo ukimtajia SSH (kuingia kwenye seva kwa kuandika amri) tu ushampoteza. Nataka kitu kinachofunguka kwenye kivinjari. Orodha yangu ni hiyo hapo kwenye kichwa. Mnatumia ipi, na kwa nini?

BiSeva
Kwa zile za cPanel usihangaike, File Manager yake inatosha. Inafanya kazi kwa jina la akaunti yako ya hosti, kwa hiyo faili unayopakia inakuwa mali ya akaunti hiyo hiyo na tovuti inaisoma bila ugomvi. Ruhusa ni faili 644, folda 755 (mmiliki anaandika, wengine wanasoma tu), basi.

Ila ina vituko vyake. Ukitafuta .htaccess (faili iliyofichwa ya mipangilio ya tovuti) usiione, haijapotea: nenda kwenye Settings juu kulia, weka alama kwenye "Show Hidden Files". Halafu ukifuta kitu kwa njia ya kawaida kinahamia folda ya .trash, na huko kinaendelea kula nafasi. Watu wanalia diski imejaa huku wanaapa wameshafuta kila kitu!

Na jamani, msipakie folda yenye maelfu ya faili ndogo moja baada ya nyingine. Ifungeni iwe zip, mpakie hiyo moja, kisha mbonyeze Extract. Kazi ya kufungua inafanyika kwenye seva yenyewe, mtandao wako haugusi kitu.

kodi_usiku
Mimi ni Tiny File Manager tu. Faili moja ya PHP (lugha inayoendesha tovuti nyingi), unaitupa kwenye folda ya tovuti, unaifungua kwenye kivinjari, kwisha. Ina kihariri chenye rangi za kodi, inafungua zip, inabadilisha ruhusa. Popote penye PHP inakubali. Kwani mtu anataka nini zaidi?

Mlinzi_wa_Zamu
@kodi_usiku, nywila ya mwanzo ulibadilisha? Maana admin na admin@123 zimeandikwa wazi kwenye maelekezo ya mradi, kila mtu anazijua, zikiwemo roboti zinazozunguka mtandaoni kutafuta tinyfilemanager.php.

Sisemi programu ni mbaya. Ninachokataa ni mahali inapokaa. Kidhibiti faili kilicho ndani ya folda ya tovuti ni PHP yenye uwezo wa kuandika PHP nyingine, na mlango wake unaangalia barabarani. Kumbukeni Septemba 2020, plagini ya WordPress iitwayo WP File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Ilibeba ndani yake elFinder, kidhibiti faili kingine, pamoja na faili ya mfano, connector.minimal.php, iliyokuwa ikiitika bila kuuliza nywila. Mtu yeyote aliweza kuiita kwa anwani yake, akapakia PHP yake, akaiendesha. Toleo la 6.9 ndilo lililoziba.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila chombo ni hili: kinaendeshwa kwa jina la nani, na anayekivunja anafika wapi? Sura nzuri baadaye.

kodi_usiku
Nywila nilibadilisha siku ileile, na faili niliipa jina lingine. Lakini nimekuelewa. Unapendekeza nini kwenye VPS?

Mlinzi_wa_Zamu
File Browser. Imeandikwa kwa Go, ni programu moja inayojitegemea, haihitaji PHP wala haikai ndani ya tovuti. Iundie mtumiaji wake kwenye mfumo, iache isikilize 127.0.0.1 (anwani ya ndani ya seva yenyewe, haifikiki kutoka nje) mlango wa 8080, mbele yake weka Nginx yenye HTTPS. Kila mtumiaji unamwekea mipaka ya folda: mteja akiingia anaona picha zake tu, hajui hata kama kuna folda nyingine. Kipengele cha kuendesha amri kizime. Jua pia kwamba mradi sasa uko kwenye matengenezo tu, usisubiri makubwa mapya.

Zuhura_K
Naongezea hapo kwenye Nginx. Kikomo chake cha kupakia ni megabaiti 1 usipokigusa, ukizidisha unapata kosa la 413 (faili kubwa mno) na utadhani File Browser imeharibika. Kinachoongezwa ni client_max_body_size. Anayetumia zana za PHP ana vikomo vingine viwili: upload_max_filesize huanza na 2M na post_max_size 8M. Ukipandisha cha kwanza peke yake, cha pili kinakukwamisha.

BiSeva
Nextcloud hakuna aliyeigusa?

Zuhura_K
Nextcloud ni nzuri kwa nyaraka za ofisi, kushirikiana na kurudisha matoleo ya zamani. Kwa faili za tovuti ni kujitafutia kazi. Ina folda yake ya data na inaandika orodha ya faili kwenye hifadhidata, kwa hiyo ukiingiza faili kwa mlango mwingine haiioni mpaka uendeshe amri yake ya occ files:scan. Kuna njia ya kuunganisha folda ya nje, lakini kwa picha tano za mteja? Hapana.

Fundi_Nyundo
Nashukuru sana. Nimeshajaribu File Browser kwenye seva ya majaribio, imekubali. Ila picha zinazopakiwa, tovuti inatoa kosa la 403 (umekataliwa). ls -l inaonyesha mmiliki filebrowser, kundi filebrowser, ruhusa 640. Niweke 777 (kila mtu asome na kuandika) nipumzike?

Mlinzi_wa_Zamu
Usithubutu! Nginx inaendeshwa na www-data, mtumiaji wa mfumo ambaye hapo si mmiliki wala hayumo kwenye kundi, ndiyo maana anakataliwa. Fanya hivi kwenye folda ya picha:

chown -R filebrowser:www-data picha
chmod 2750 picha

Hiyo 2 ya mwanzo inafanya kila faili mpya irithi kundi la folda. File Browser itaandika, Nginx itasoma, na hakuna wa tatu. Folda ndogo zilizokuwepo tayari zipe 2750 pia.

Fundi_Nyundo
Picha zinaonekana! Kuna kingine kabla sijampa mteja?

Zuhura_K
Zuia PHP isiendeshwe humo ndani. Kwenye Nginx andika location ^~ /picha/ yenye mabano yake matupu, ile alama ^~ inazuia ombi lisifike kwenye sehemu ya PHP. Kisha pakia jaribio.php yenye phpinfo() uifungue kwa anwani yake. Ukiona jedwali la taarifa za PHP, bado hujafunga. Ikishuka kama faili ya kawaida, mpe mteja nywila yake, na hiyo jaribio.php uifute.