Dripu ya cetuximab: kila wiki au kila wiki mbili?

Binti Likoni:
Assalamu alaikum. Mamangu ana saratani ya utumbo mpana, imeshaingia kwenye ini. Kemo anapewa kila wiki mbili, lakini cetuximab, dawa yake nyingine ya saratani, ni kila wiki. Kwa hivyo wiki ya katikati tunavuka feri kwa dripu hiyo moja tu, na foleni ya asubuhi mnaijua, naye miguu imemvimba. Nasikia wengine hupewa kila wiki mbili. Naogopa kumuuliza daktari aone tunakwepa matibabu. Tena uso mzima umemtoka vipele.

Baba Zuhura, Kisauni:
Pole dada. Mke wangu yuko kwenye panitumumab, dawa ya jamii hiyohiyo: miligramu 6 kwa kila kilo ya uzito, kila siku 14, siku moja na kemo. Kabla ya kuanza walipima jeni za RAS kwenye kinyama cha uvimbe. Jeni hizo zikiwa na mabadiliko, dawa hizi hazimfai mgonjwa.

Nesi Mstaafu, Tudor:
Waalaikum salaam mwanangu. Muulize daktari, tena bila woga. Ratiba ya kila wiki huanza na miligramu 400 kwa kila mita mraba ya mwili, halafu 250 kila wiki. Ya wiki mbili ni 500 tangu dripu ya kwanza. Marekani waliiidhinisha 2021. Mbili za 250 ni 500, kwa hivyo mama hapunjwi dawa. Atakaa kwenye dripu saa mbili badala ya moja, basi. Uamuzi ni wa daktari wake, ila swali lako ni la haki kabisa.

Vipele vyaletwa na dawa yenyewe, maana inazuia kitu ambacho hata ngozi hukitegemea. Msimpake dawa za chunusi za dukani, zitamkausha. Mafuta yasiyo na manukato, na jua letu hili ajifunike. Daktari anaweza kumwandikia doksisaiklini, ile antibiotiki. Ulizeni pia kama magnesiamu ya damu inapimwa, hushuka sana kwa dawa hii.

Lakini hiyo miguu ndiyo inayonitia wasiwasi. Ni yote miwili sawasawa? Mmoja ukiwa mkubwa kuliko mwenzake, au unauma, yaweza kuwa damu imeganda. Hapo hamngojei siku ya dripu.

Binti Likoni:
Nimeangalia sasa hivi. Wa kushoto umevimba zaidi, na nikiubonyeza nyuma analalamika. Nimeshaita tuktuk, tunaenda.

Nesi Mstaafu, Tudor:
Nendeni moja kwa moja kitengo cha dharura. Waambie mapema kwamba yuko kwenye kemo. Na akianza kukosa pumzi njiani, piga kelele mpishwe mbele feri.